Siku Nilipokunywa Mvua ya Onorable

Nianze na aibu yenyewe, ili musiseme nimeificha: mimi Ramazani wa Alunguli, ambaye watu wananiita Papa Meteo, yaani baba wa hali ya hewa, sijavuka mto kwenda mjini Kindu tangu siku ile, na mtu akiniuliza ninasema miguu inauma, ninasema mtumbwi unanizungusha kichwa, ninasema sabuni ni ile ile pande zote mbili za mto, na yote hayo ni uongo, miguu yangu ni mizima kuliko ya wajukuu zangu. Ni aibu tu. Haya ya sufuria. Lakini sufuria ingali mbali, kwanza nipitie kwenye firimbi, kwa sababu bila firimbi hakuna ndege, na bila ndege hakuna sufuria (mutaona wenyewe, musinisukume).

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa reli, enzi zile treni ilipokuwa inaingia Kindu na watu wanaisikia toka mbali na kukimbilia viatu. Kazi yake ilikuwa moja: kupuliza firimbi ili treni iondoke. Hakuendesha, hakutia mafuta, hakukata tikiti, ilikuwa pumzi tu. Alipozeeka wakamtoa kazini, wakachukua kofia, wakachukua koti la vifungo vya njano, firimbi wakaisahau shingoni mwake, na toka hapo nyumba yetu nzima ikawa stesheni. Mboga ya sombe ikiiva, firimbi. Mke wake akichelewa sokoni, firimbi. Siku ya ndoa ya binti yake, shehe alipomaliza kusoma dua, baba mdogo akasahau kama yuko kwenye mkeka, akapuliza ile ndefu ya kuondoka, na bibi harusi (ambaye alilelewa kwa ile sauti) akasimama, akashika mzigo wake, akatoka mlangoni kabla bwana harusi hajasema amekubali. Ilibidi wamkimbilie. Wakwe walitukasirikia mpaka msimu wa pili.

Wengine walicheka, mimi nilijifunza. Shuleni nilifika primere ya tatu tu, alfabeti niliiacha katikati ya njia, lakini siku ile nilielewa jambo ambalo walimu hawakunifundisha: mtu mwenye firimbi hahitaji kujua kitu, watu wanainuka tu. Baba mdogo alipokufa tukagawana urithi, mmoja akachukua bati, mmoja akachukua baiskeli isiyo na mnyororo, mimi nikapewa firimbi.

Halafu vita ikaja (sitasema ya nani na nani, maana mwaka mmoja ilikuwa ya hawa, mwaka mwingine ya wale, na kuku wetu waliliwa na wote). Treni ikakoma kabisa, chumvi ikapotea, nikashika njia ya Kalima nikidhani nitachimba madini kama wengine. Mgongo wangu ukakataa siku ya kwanza. Sasa kule kulikuwa na kiwanja cha ndege, na ndege ndogo zilikuwa zinakuja kuchukua madini na kuleta bia na sardini, na kile kiwanja mbuzi walikipenda sana kwa majani yake mafupi. Siku moja ndege ikawa inashuka na mbuzi wamelala katikati, watu wanapiga kelele, mimi nikapuliza firimbi. Mbuzi wakainuka. Toka siku hiyo nikawa mfanyakazi wa kiwanja. Hakuna mtu aliyeniajiri, lakini pia hakuna aliyenifukuza, na wakati wa vita hiyo njo kazi nzuri kabisa.

Pale kulikuwa na mtu wa fonie, yaani ile radio ya kusemezana na marubani, mvivu wa kupita wote niliowahi kujua. Rubani kabla ya kuruka kwao alikuwa anauliza, mawingu kule iko namna gani? Na yule wa fonie, ili asitoke kivulini, ananiambia, "Ramazani, angalia juu." Ninaangalia juu, ninasema, iko mawingu. "Iko mawingu," anamwambia rubani, na rubani anatukana kwa lugha ya kwao.

Mwishoni rubani mwenyewe, mzungu mwekundu kama pilipili, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha bia na cha kuamuru tu, akashuka akanishika mkono, akanipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa anapika pembeni ya kiwanja. Akachuchumaa mbele ya sufuria.

"Moto chini," akasema. "Maji panda. Wewe ona?"

"Mimi ninaona sombe," nikamwambia.

Akafunua kifuniko, akakigeuza, akanionyesha matone. "Hii wingu!" Yule mama akamnyang'anya kifuniko chake, akamwambia aende akacheze na ndege.

Lakini nilielewa, na nitawaeleza na ninyi, ingawa kueleza huku njo kulikoniponza. Jua likipiga asubuhi, ardhi inachemka, mto unachemka, hata majani ya pori yanatoa jasho, na ule mvuke unapanda bila kuonekana. Juu kule ni baridi. Mvuke ukifika kwenye baridi unafanya kama kwenye kifuniko, unarudi kuwa matone, madogo sana, kila moja limekamatia chembe ya vumbi ao ya moshi, na yakijaa pamoja tunasema wingu. Ndiyo maana wingu zuri liko bapa chini, pale baridi inapoanzia, na juu limevimba kama pamba. Hilo halina neno. Kuna lingine linalala chini kila mahali kama blanketi, linanyunyiza, linaficha vilima. Na kuna la tatu: mvuke una nguvu, hautaki kusimama, unapanda, unapanda, mnara unazaa mnara, mpaka unagonga dari ya mbingu na kutanuka kama nyundo. Ndani ya nyundo kuna upepo unaopanda na upepo unaoshuka, kuna radi, na hata barafu (nilimwambia barafu Kalima hakuna, hata kwa Komanda hakuna, akacheka mpaka akakohoa). Tukapatana hivi: pamba ni kuja, blanketi ni ngoja, nyundo ni lala.

Basi siku moja Komanda wa pale alikuwa anangojea bia yake. Mchana nikaona nyundo juu ya vilima, nikasema nyundo, ndege haikuja. Askari wakanikamata, wakanipeleka mbele yake, naye alikuwa amekwisha kuvua mkanda.

"Wewe njo umefunga ndege yangu?"

"Apana, Komanda. Ni nyundo."

"Nyundo gani? Iko wapi?"

Nikaonyesha juu. Akainua uso, na Mungu hapendi utani ila siku ile alipenda, upepo baridi ukashuka wakati ule ule, radi ikapiga, bati moja likang'oka kwenye nyumba ya Komanda na kwenda zake kama gazeti. Komanda akaanza kuvaa mkanda wake polepole.

"Kumbe," akasema kwa sauti ya chini, "wewe njo unaita mvua."

Nilifungua mdomo nimweleze sufuria. Halafu nikaangalia ule mkanda, ulikuwa bado haujaingia tundu la mwisho. Nikafunga mdomo. Sijutii, nasema wazi, kwani hakuna askari aliyenigusa tena, na sardini nilikula. Kosa halikuwa kufunga mdomo siku ile. Kosa lilikuwa kuzoea.

Vita ilipotulia nikarudi Alunguli na kukuta sifa zangu zimefika kabla yangu. Watu wakawa wanakuja: Papa Meteo, nina ndoa, Papa Meteo, nina matanga, Papa Meteo, mpunga wangu haujakauka. Mwanzoni nilikuwa mwaminifu, niliwaeleza yote, mvuke, baridi, kifuniko, na wao wanaitikia kwa kichwa, halafu wanafinya jicho. "Sufuria. Tumeelewa, Papa." Mama mmoja alirudi kesho yake na kifuniko chake nikitemee mate. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyoona ninaficha dawa. Mtu mmoja tu alinisikiliza sawasawa, mdogo wangu Mama Sifa, mjane, ambaye nilimweleza nikiwa nimekaa jikoni kwake, akafunua sufuria yake mwenyewe akaangalia matone, akasema, "Aa, ni kweli, Yaya," (kwetu ndiyo kusema ndugu mkubwa) akaendelea kupika. Basi. Hakuniletea kitu.

Sasa tunafika.

Kura ilikuwa inakaribia, na kura ikikaribia waheshimiwa wanakumbuka njia. Onorable wetu, mtu wa bunge, anakaa Kinshasa, akasema anakuja kufungua sakafu ya kukaushia mpunga, zawadi yake kwa akina mama, kule upande wa mji, kando ya reli. Sakafu ya simiti. Hakuna ukuta, hakuna paa, ni ardhi iliyovalishwa tu, na mimi nikajiuliza, kitu kisicho na mlango kinafunguliwa vipi? Lakini akina mama wote, wa mjini na wa kwetu Alunguli, waliambiwa walete mpunga, wote, wajaze sakafu toka pembe mpaka pembe, ili picha ipendeze. Na ilikuwa katikati ya miezi ya mvua.

Prezida wa komite, Bwana Modesti, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku za kulala, akanijia nyumbani na kuku kwapani.

"Jambo sana, Papa Meteo."

"Jambo, mwanangu. Karibu."

"Papa, Onorable iko anakuja juma lijalo. Komite imekaa, imeamua: hatutaki mvua."

"Komite imeamua?"

"Kwa pamoja. Hata wale wanapingaka kila kitu wamenyamaza."

"Mwanangu, mimi sifungi mvua. Mimi ninaangalia tu. Mwezi huu jua likipiga asubuhi mvuke unapanda, ukifika juu unakuta baridi, sawa vile kifuniko cha sufuria..."

"Sufuria," akasema, akafinya jicho. "Kubwa ao ndogo?"

"Sufuria gani?"

"Tutaleta kubwa. Onorable ni muntu mukubwa."

Wakati ninatafuta neno la kumkatalia, yule kuku akaponyoka, akaingia nyuma ya mlango wangu, akataga. Sasa ninyi niambieni, kuku ametaga kwako, unamrudishaje? Ni kumtukana aliyemleta. Nikakaa na kuku. Yai nikalila jioni ile ile, na nikasema moyoni, pengine siku hiyo kutakuwa na pamba tu.

Asubuhi ya sherehe nikatelemka mtoni. Kila mtu wa Kindu anajua ukungu wa asubuhi juu ya mto, unalala pale kama mgonjwa, na ukilala mpaka jua liwe kali basi mchana utakuwa mzuri. Siku ile ukungu uliinuka mapema, kwa haraka, kama mtu aliyesikia habari mbaya. Hakukuwa na upepo. Jasho lilikuwa linanitoka nimesimama. Na mashariki, nyuma ya Alunguli, pamba tatu nne zilikuwa zimekwisha kusimama wima wakati watu hawajanywa hata chai.

Mama Sifa alikuwa anapakia magunia kwenye mtumbwi. Mpunga wake wote wa msimu, chakula ndani yake, mbegu ndani yake, hakubakiza nyumbani hata wa kuku. Kichwani alikuwa na bashi lake la plastiki, lile la kufunikia mpunga mvua ikija, limekunjwa vizuri. Na Modesti alikuwa pale, amekuja kunichukua mwenyewe kwa heshima.

"Mama, bashi ya nini?" akasema. "Komite imekataza mabashi. Watu wakiona bashi watasema hatuamini fundi wetu. Na picha itaharibika."

"Mimi siulize komite," akasema mdogo wangu. "Ninauliza kaka yangu. Yaya, nibebe bashi?"

Ndugu zangu, hapo. Kama kuna mahali pa kurudi katika maisha yangu ningerudi pale kwenye matope. Modesti ananiangalia, wapiga kasia wananiangalia, na mimi nimevaa kanzu nyeupe niliyoazima kwa jirani. Na yai la yule kuku nilikuwa nimekwisha kulila.

"Acha tu, mdogo wangu," nikasema. "Weka nyumbani."

Hakuuliza mara mbili. Akampa mwanamke mmoja aliyekuwa anafua amrudishie.

Tulipofika nikakuta wamenitayarishia kiti jukwaani, karibu na kiti cha Onorable, na mbele yangu sufuria. Kubwa, ya kupikia matanga, imejazwa maji nusu, kifuniko kimefungwa kwa kamba za raffia kama mbuzi wa kusafirishwa. Juu ya jukwaa wakubwa walikuwa wamefungiwa bashi jipya, pana, la bluu (mabashi yalikatazwa kwa mpunga, si kwa wakubwa). Kiti changu wakakiweka nje yake, juani, ili nionane vizuri na mbingu. Na wakaniwekea mtu wa kunilinda nisiguse maji, kwa sababu mwiko wa mfunga mvua, wao wanasema, ni kwamba siku hiyo haogi wala hanywi mpaka watu waende kwao. Mimi sikuwahi kuwa na mwiko maishani. Walinipa wao.

Mpunga ulikuwa umejaa sakafu yote, ukimeta kama mchanga. Mama Sifa, kwa sababu ya kuningojea mimi na Modesti mtoni, alifika wa mwisho, akapewa pembe ya chini, pale sakafu inapoinamia mtaro.

Onorable akachelewa, ndivyo kazi yao. Na pamba zikakua. Nikamwita Modesti.

"Mwanangu, ile pamba haitasimama. Itanyesha."

Akaangalia juu, akaniangalia mimi, akaondoka, akarudi na bata, akamfunga kwenye mguu wa kiti changu.

Baadaye mnara ukafika juu na kuanza kutanuka. Nikasahau heshima, nikamvuta shati.

"Modesti, ni nyundo! Waambie akina mama wakusanye mpunga sasa hivi!"

"Papa," akasema, "wewe ni mugumu. Tulidhani tumepatana."

Akaondoka mbio, akarudi na mbuzi. Dume. Akanikabidhi kamba mkononi. "Sasa ni mwisho. Komite haina kitu kingine. Utuhurumie."

Mbuzi akaniangalia. Mimi nikamwangalia mbuzi. Kila nikisema neno la kweli ninapata mnyama, na nitawaambia aibu juu ya aibu: kwa dakika ndogo, ndogo sana, niliwaza ng'ombe. Halafu nikaona Mama Sifa kule chini anageuza mpunga wake kwa mguu, taratibu, kama wanavyofanya ili ukauke sawasawa, na hakuinua macho mbinguni hata mara moja. Kwa nini ainue? Aliniuliza mimi.

Onorable akaingia na fanfari ya tarumbeta na ngoma. Suti ya rangi ya maziwa, na nyuma yake wakatandaza kitambaa kirefu chenye uso wake, mkubwa, unacheka. Akashika mikro ya kusemea.

"Wapinzani wangu walisema itanyesha!" Watu wakapiga kelele. "Je, inanyesha?"

"Apanaaa!"

"Hata mbingu imekwisha kunipigia kura!"

Mimi wakati huo koo langu lilikuwa limekauka kama samaki wa chumvi. Toka alfajiri sikunywa, jua limenipiga kichwani, mlinzi wangu ana chupa ya maji yake mwenyewe na anakunywa mbele yangu. Na nyundo ilikuwa imekwisha kufunika nusu ya mbingu nyuma ya watu, wote wamegeukia jukwaa, mimi peke yangu ninaiona. Nikawaza hivi: mvua inakuja nikinywa, inakuja nisiponywa. Mlinzi akageuka kupiga makofi. Nikafungua ile raffia kwa meno, nikafunua kifuniko, nikachota maji kwa kifuniko chenyewe, nikanywa.

Mikro ilikuwa karibu. Sauti ya koo langu, glu, glu, glu, ikatoka kwenye vipaza sauti mpaka sokoni. Onorable akageuka. Watu wote wakaniona, mzee wa kanzu nyeupe, sufuria wazi, kifuniko mdomoni, maji yanatiririka kidevuni.

Na radi ikapiga.

Ule upepo baridi ninaujua toka Kalima, unatangulia mvua kama mbwa anavyomtangulia mwenye mbwa. Uliinua kofia, ukainua vitenge, halafu matone ya kwanza, mazito. Akina mama wakapiga yowe, wakakimbilia mpunga kwa mikono mitupu, wanaukusanya kwa kanga, kwa vikapu, wengine wanaulalia kwa matumbo. Mimi nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikatoa firimbi ya baba mdogo nikapuliza kwa nguvu zote, ili watu wainuke wasaidie.

Wakainuka. Lakini nilisahau tulikuwa kando ya reli, na firimbi ya treni Kindu ni adimu kuliko mvua. Wanaume wote wenye nguvu, wazee wa reli, hata wapiga fanfari na ngoma zao, wakakimbia kwenda relini kushika nafasi. "Treni imekuja! Treni!" Wakasimama kule kwenye mvua wamejipanga, wanasukumana, wanaangalia upande ambao hakuna kitu.

Basi nikakamata kamba ya bashi la wakubwa. Mama wawili wakaniona, wakaelewa, wakakamata nyingine, tukavuta. Sikufikiri kwamba maji yalikuwa yamekwisha kujaa tumbo la lile bashi. Yalishuka yote pamoja, kwa Onorable, ile suti ya maziwa ikashikana na mwili mpaka tukajua ana kitovu kirefu. Bashi tukalitupa juu ya mpunga wa katikati. Halikutosha. Tukang'oa kitambaa cha uso wake, tukafunika upande mwingine, na Onorable akabaki anajiangalia, uso mkubwa juu ya mpunga, ananyeshewa, anacheka.

"Amefungua sufuria!" watu wakaanza kusema. "Tumemuona! Amekunywa mvua yetu kwa makusudi!" Mlinzi wangu alikuwa anaapa hakulala. Modesti akanishika kanzu, analia kabisa, suruali imepoteza pasi: "Papa, kama ulitaka ng'ombe si ungesema!"

Niliwaambia mwenyewe musinisukume, na sasa ninaruka mbele. Mpunga wa katikati ulipona. Ule wa pembeni ulioingia katika nyufa za simiti (ndiyo, nyufa, mapema hivyo) uliota, na baada ya siku chache sakafu ilikuwa shamba, kijani kibichi, na watu wa Onorable wakarudi wakapiga picha wakasema ameleta kilimo. Akapita katika kura. Kuku, bata na mbuzi nilimtumia Mama Sifa kwa mkono wa mtu mwingine, akapokea, hakutuma neno. Na mimi, mtu akinijia leo kuuliza kama itanyesha, hata mbingu iwe safi kama sahani iliyorambwa, ninamwambia maneno mawili tu: beba bashi. Wanafinya jicho, wanasema mzee ameongeza bei.

Lakini nirudi, kwa sababu kuna kitu nimekipita.

Pale chini, pembeni, bashi halikufika. Maji yote ya sakafu yalikuwa yanakimbilia pale, na mpunga wa Mama Sifa uliondoka nayo, ukaingia mtaroni wote, wa chakula na wa mbegu, kama mchwa wanaohama. Nilimkuta amepiga magoti, amezuia mtaro kwa kitenge chake, anachota mpunga na matope pamoja. Nikapiga magoti na mimi. Tulichota kidogo. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga kelele kwamba nimeiita mvua, kwamba nimeifungua, kwamba nimeinywa. Yeye hakusema hivyo. Yeye hakuwahi kuamini sufuria, ila ile ya jikoni kwake.

"Yaya," akasema bila kuniangalia. "Ulijua?"

Ningesema apana. Angeniamini.

"Nilijua," nikasema. "Toka mtoni."

Akaendelea kuchota. Mikono yake haikubadilisha mwendo. Nikangoja kidogo nitukanwe. Halafu nikasimama, nikavua firimbi, nikaiweka juu ya ukingo wa mtaro, nikaondoka. Nikapita wale waliokuwa wamejipanga relini, mmoja akaniuliza kama treni inachelewa. Nikashuka mpaka mtoni na ile kanzu ya jirani imekuwa ya rangi ya mto. Mpiga kasia alikuwa amejikunyata chini ya jani la mgomba.

"Papa Meteo," akasema, "itakatika saa ngapi?"

"Sijui," nikamwambia.

Akanivusha.